Siku ya Kuistaafisha Arobaini na Moja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, turubai la bluu lilivutwa kutoka juu ya sanamu ya Thaddeus Mabry mbele ya lango la kusini la uwanja, likanasa. Lilinasa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ambao mchongaji aliuinua juu ya kichwa, na mafundi wawili wa chuo wakalazimika kuleta ngazi. Bendi, iliyokuwa imekwisha kuanza wimbo wa chuo, iliurudia ubeti wa kwanza mpaka turubai lilipoanguka.

Sanamu ilikuwa ya shaba. Ilimwonyesha Mabry akikimbia, mpira wenye umbo la yai umebanwa kwapa la kulia, mkono wa kushoto hewani. Mchongaji aliifuata picha ya mwaka 1974 ambayo hapa Sorrel, Mississippi, hutundikwa kwa vinyozi, kwenye kumbi za makanisa na kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno. Ni picha ya mbio za yadi tisini na moja dhidi ya Chuo cha Delacroix, mbio ndefu kuliko zote katika historia ya Chuo cha Pruitt.

"Wamempatia kweli," alisema mwanamke mmoja nyuma ya umati. "Kasoro tumbo."

"Huyo ni wa sabini na nne, dada. Tumbo lilikuja na mshahara."

Mabry aliichezea Pruitt misimu mitatu, akacheza mpira wa kulipwa kaskazini kwa miaka kadhaa, kisha akarudi Sorrel kufundisha hesabu katika shule ya sekondari hadi alipostaafu. Alifariki mwezi Machi. Kufikia Oktoba, wiki ya Kurudi Nyumbani, ambapo wahitimu wote hurejea chuoni, barabara ya uwanjani ilikuwa na jina lake na mfuko wa kusomesha vijana ulikuwa na jina lake. Sanamu ilikuwa heshima ya tatu. Ya nne ilipangwa kutolewa Jumamosi, wakati wa mapumziko ya mechi dhidi ya Delacroix hao hao: namba yake, 41, ingestaafishwa. Hakuna mchezaji wa Pruitt ambaye angeivaa tena.

Mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu alikuwa Jaji Roscoe Pettway, mstaafu. Katika timu ya 1974 yeye ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya Mabry kumfungulia njia. Kazi yake ilikuwa kumgonga yeyote aliyesimama kati ya rafiki yake na mstari wa goli. Kwenye ile picha, ukingoni kabisa, kinaonekana kiwiko chake. Jaji hakuwahi kumruhusu mtu aitazame picha hiyo bila kuonyeshwa kiwiko.

"Kiwiko changu kiko wapi?" alimuuliza mchongaji, akiizunguka sanamu.

"Mheshimiwa, hatukuwa na shaba ya kutosha."

"Ungepunguza miguu yake. Hata hivyo haikuwa na kazi kubwa, njia niliifungua mimi."

Watu walicheka. Kando ya meza ya chakula alisimama Kentrell Odom, mvaaji wa 41 msimu huo, sahani ya kambare wa kukaanga mkono wa kushoto na mpira kwapa la kulia. Mpira huo haukuwa pambo. Kwetu mchezaji akiangusha mpira kwenye mechi, hutembea nao wiki nzima inayofuata, darasani, kanisani na msalani, na mtu yeyote anaruhusiwa kumpokonya akiweza. Jumamosi iliyotangulia Odom aliuangusha akiwa yadi tatu tu kutoka mstari wa goli, na Pruitt ikafungwa. Tangu hapo alikuwa amekwisha kupokonywa na mkutubi mkuu, na pia na shemasi aliyejifanya anampa mkono wa amani.

Mjane wa Mabry, Bi. Ozella, alimsogelea. Alikuwa amevaa kofia ya zambarau, rangi ya chuo.

"Mwanangu, umekula?"

"Nakula, Mama Mabry."

"Hebu nimwone huyo kambare wamemkaangaje."

Odom aliinamisha sahani. Bi. Ozella akaupiga mpira ngumi kutoka chini. Ulimtoka kijana, ukadunda ovyo kama mipira hiyo inavyodunda, ukaishia kwenye kitako cha sanamu.

"Mama Mabry! Hata wewe?"

"Kesho Delacroix watakuuliza habari za samaki? Kiwiko chako kinatanga mbali na mbavu. Kibane. Kaokote."

Jaji Pettway aliliona tukio zima. Alipofika karibu alitikisa kichwa.

"Umeona, shemeji? Ndiyo maana nasema iishe."

"Nimeona. Na nilikuwa nakutafuta."

Bi. Ozella alimvuta pembeni, hadi kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja. Habari ya kustaafisha namba hakuambiwa na mtu. Kamati ilipiga kura, bodi ya chuo ikaidhinisha, na sheria za chuo hazikudai saini ya familia.

"Nilitaka iwe zawadi," alisema Jaji.

"Zawadi hufunguliwa na anayepewa, Roscoe. Mimi nimeisoma kwenye ratiba, saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele. Nusura niungue masikio."

"Vyuo vikubwa vyote hufanya hivyo. Ni heshima isiyo na nyingine juu yake. Namba inapandishwa ukutani, haiguswi tena na mtu."

"Hapo ndipo tunapogombana. Haiguswi."

Pale Pruitt namba 41 haitolewi na kocha. Mabry alifika chuoni bila ufadhili, akajiunga na timu kwa kuomba, akapewa jezi hiyo kwa kuwa ndiyo iliyobaki kabatini. Alipomaliza masomo alimpa kwa mkono wake kijana mwingine aliyekuja kwa kuomba, na yule akampa mwingine. Tangu Mabry aliporudi Sorrel, kila mvaaji wa 41 hula chakula cha jioni nyumbani kwake siku ya Alhamisi, mwaka mzima.

"Alhamisi ya wiki ya mazishi," alisema Bi. Ozella, "nyumba imejaa ndugu waliotoka Memphis na Chicago, kila mtu analia, hakuna anayejua vikombe vinakaa wapi. Mtoto huyu alibisha hodi saa kumi na mbili kama kawaida. Akakaa kwenye kiti chake, akala, akaosha vyombo. Kwa saa moja nyumba ile ilikuwa na Thad. Sasa unaniambia Alhamisi zimekwisha, kwa sababu nimepewa sanamu. Sanamu haili, Roscoe."

Jaji alitazama kule kwenye sanamu.

"Kamati imepiga kura, shemeji."

"Nani anaweza kuiondoa hoja?"

"Mwenyekiti, kabla haijatangazwa uwanjani. Ikishatangazwa ndiyo basi."

"Na mwenyekiti ni nani?"

"Shemeji."

"Nauliza tu."

"Ni mimi. Na siiondoi." Jaji alishusha sauti. "Wiki iliyopita nilikaa jukwaani nikaiona namba ya Thad ikiangusha mpira yadi ya tatu. Mtu wa nyuma yangu akatukana. Akaitukana ile namba! Siwezi kuvumilia hilo tena. Acha iishe ikiwa safi."

"Ikiisha kesho haiishi safi. Inaishia yadi ya tatu."

Jaji aliitoa ratiba mfukoni, akamwonyesha. Alisema tu kwamba ratiba imekwisha kuchapishwa. Wakati wa mapumziko Odom angevua 41 katikati ya uwanja na kuikabidhi iwekwe kwenye fremu ya kioo, kisha angemaliza mechi akiwa amevaa 22.

Lililoibadilisha ratiba hiyo halikuhusiana na Bi. Ozella. Saa nane mchana Jaji alikwenda kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo la muziki, ambako bendi hufanyia mazoezi, kuomba dakika sita. Profesa Lemuel Gaddis, kiongozi wa bendi, alikuwa juu ya ngazi, kipaza sauti mkononi.

"Dakika sita tu, Profesa."

"Za nini?"

"Za kustaafisha namba. Wakati wa mapumziko."

Gaddis alikishusha kipaza sauti. Wapiga ngoma waliokuwa karibu waliacha kupiga ili wasikie vizuri.

"Jaji, wewe ni mtoto wa hapa. Watu wa hapa huenda kununua mbavu za nguruwe saa ngapi?"

"Robo ya pili, kabla ya mapumziko."

"Mchezo ukiendelea?"

"Mchezo ukiendelea."

"Kwa nini?"

Jaji alitazama lami. "Wawahi kurudi bendi ikiingia."

"Basi umejijibu. Hayo unayoyaita mapumziko ndiyo mchezo wenyewe. Mpira wenu ni wa kuwapa tarumbeta zangu nafasi ya kupumzisha midomo. Delacroix wanakuja na bendi ya mabasi saba. Nikikatwa dakika sita mbele yao, wataniimba mpaka Krismasi."

"Ni kwa ajili ya Thad."

"Thad alikuwa akijificha mlangoni kutusikiliza, kocha anamwita ndani hadi sauti inamkauka. Ukimkatia bendi dakika sita kwa ajili yake, atafufuka akuchape."

Wapiga ngoma walimpigia Gaddis mapigo mawili ya kumuunga mkono. Jaji alijaribu dakika nne, kisha tatu. Mwishowe walikubaliana kwamba sherehe ifanyike baada ya filimbi ya mwisho. Kwa hiyo Odom angeivaa 41 mechi nzima.

Jumamosi, saa moja kabla ya mchezo, Jaji alimkuta Odom kwenye njia ya kuingilia uwanjani, akifungwa bendeji kifundo cha mkono. Alimweleza mabadiliko hayo.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Odom. "Nitaivua mwenyewe au mtanivua?"

"Utaivua mwenyewe."

"Naomba kuuliza. Ni kwa sababu ya ule mpira nilioangusha?"

Jaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha hukumu miaka mingi, na uongo mdogo wa kumfariji mtu hakuuzoea.

"Kwa sehemu."

Odom aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono wa pili ufungwe bendeji.

Uwanja ulijaa kabla ya wimbo wa taifa. Kamati ilikuwa imewaalika wavaaji wote wa zamani wa 41, na kumi na mmoja walifika. Walisimama kando ya uwanja, jezi zimevaliwa juu ya mashati na tai: mkuu wa posta mstaafu mwenye mkongojo, mchungaji, madereva wawili wa malori, daktari wa mifugo, na wengineo. Nyuma yao viliwekwa viti viwili, cha Bi. Ozella na cha Jaji, na kati ya viti ile fremu ya kioo, tupu.

Delacroix walikuwa na habari zote. Kila Odom alipopewa mpira, mabasi saba yaliimba kwa pamoja, "Angusha! Angusha!" na mabeki hawakulenga miguu yake wala kifua. Walilenga mpira. Waliupiga ngumi, waliuvuta, mmoja aliuning'inia kwa mikono yote miwili na kukokotwa kama gunia.

"Mwanangu, kimbia na mpira, mtu huyo muache!" alipiga kelele dereva mmoja wa lori.

Mpira haukutoka. Mapumziko yalipofika bendi ya Gaddis iliingia, ikajipanga katikati ya uwanja kwa umbo la 4 na umbo la 1, na tarakimu hizo mbili zikacheza, zikainama, zikatembea mpaka mbele ya kiti cha Bi. Ozella. Hakuna aliyekwenda kununua mbavu. Bendi ya Delacroix ilijibu vizuri, lakini hata watu wao walikiri baadaye kwamba hawakufikia.

Robo ya nne, ya mwisho, ilipokaribia kwisha Pruitt iliongoza kwa 21 dhidi ya 14. Delacroix wakafunga, pointi sita, wakakosa mkwaju wa pointi ya nyongeza: 21 kwa 20. Mpira ukarudi kwa Pruitt. Delacroix walitumia nafasi zao zote za kusimamisha saa ili wasipoteze muda, na ilipobaki chini ya dakika moja Pruitt walikuwa bado upande wao wa uwanja, wakihitaji yadi nne katika jaribio moja. Wakizipata, mpira ungebaki kwao. Wakizikosa, wangelazimika kuupiga mbali, na Delacroix wangepata nafasi ya mwisho, wakihitaji pointi mbili tu.

Kila mtu uwanjani alijua nani angepewa mpira. Odom aliupokea akaelekea kulia, akakuta ukuta. Akageuka kushoto. Beki mmoja aliufikia mpira kwa ngumi safi, ya kutoka chini, na kiwiko cha Odom hakikuachana na mbavu. Akapita. Mwingine alishika bega la jezi, likachanika, akabaki na kitambaa mkononi. Baada ya hapo mbele ya Odom hapakuwa na mtu.

"Arobaini na moja!" alinguruma mtangazaji. "Arobaini na moja! Arobaini na moja!"

Jaji Pettway alikuwa amesimama juu ya kiti. "Kimbia! Kimbia, mwanangu! Inua mkono! Inua mkono!"

Odom hakuinua mkono. Alipofika yadi ya nne kutoka mstari wa goli alipunguza mwendo, akatazama nyuma, akauzungushia mpira mikono yote miwili, akaketi kwenye nyasi.

Uwanja mzima uliguna, kisha ukazomea. Kikombe cha barafu kilirushwa kutoka jukwaani.

"Anafanya nini?" alisema Jaji. "Ameumia? Amechoka? Yadi nne! Mstari ule pale, hata mimi nauona, na sioni! Huyu mtoto ana wazimu?"

Alitazama kando ya uwanja akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Alichokiona ni wale wavaaji kumi na mmoja wa 41. Wote walikuwa wameinua mikono. Mkuu wa posta alikuwa ameutupa mkongojo. Mchungaji alikuwa amembeba daktari wa mifugo. Umati ulikuwa bado unazomea, na wao walikuwa wanasherehekea, wote, bila mmoja kumtazama mwenzake kwanza.

"Wana nini hawa?" aliuliza Jaji.

Bi. Ozella alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Tazama saa, Roscoe."

Jaji aliitazama. Ilikuwa inaendelea kuhesabu. Pruitt walikuwa na mpira na majaribio mapya, na Delacroix hawakuwa na namna ya kuisimamisha saa. Mgawaji mpira wa Pruitt angepokea mpira na kupiga goti, jaribio likaisha huku saa ikienda, na kupiga goti tena, na mchezo ungekwisha bila Delacroix kuugusa mpira. Kama Odom angefunga, Pruitt ingeongoza kwa pointi saba au nane, na ingelazimika kuwapigia Delacroix mpira, na muda ulikuwa bado upo.

"Sabini na nne," alisema Bi. Ozella. "Tulikuwa tunaongoza kwa moja. Dakika ilikuwa imebaki?"

"Haikufika dakika," alisema Jaji polepole.

"Thad akakimbia yadi tisini na moja akafunga. Kisha?"

"Tukakosa mkwaju wa nyongeza. Mpigaji alikuwa yule Dupree, mguu wa mbao. Tukawapigia mpira, wakaurudisha uwanja mzima, wakafunga, wakapata na zile pointi mbili za nyongeza." Jaji alishuka kwenye kiti. "Wakatufunga kwa pointi moja. Lakini lilikuwa kosa la Dupree, shemeji. Miaka yote hii nasema ni Dupree."

"Thad alisema ni Thad. Alisema, 'Ningekaa chini tungekuwa mabingwa.' Kila mvaaji wa arobaini na moja amelisikia hilo mezani kwangu, Alhamisi ya kwanza, kabla hajagusa mkate. Wote hao unaowaona."

"Mimi hakuniambia."

"Wewe ulikuwa unaipenda sana ile picha. Alisema, 'Roscoe ana kiwiko chake pale. Tumwachie.'"

Jaji alikaa. Mgawaji mpira wa Pruitt alipiga goti. Watu waliozomea walikuwa wameanza kuelezana, safu kwa safu, na kelele ikabadilika kidogo kidogo, kutoka juu ya jukwaa kushuka chini, mpaka ikawa ni jina moja: Odom, Odom. Wa Delacroix walikuwa wamenyamaza. Goti la pili lilipopigwa saa ilisoma sifuri, na Gaddis akaishusha mikono yake kwa tarumbeta zote kwa pamoja.

Pruitt 21, Delacroix 20.

Sherehe ilianza watu wakiwa bado wanaruka. Odom aliletwa katikati ya uwanja akiwa amebebwa mabegani, nyasi usoni, bega la jezi likining'inia. Wale kumi na mmoja walisimama nusu duara. Mafundi wawili waliibeba fremu ya kioo. Jaji Pettway alipewa kipaza sauti na kadi yenye maneno ya kusoma.

"Mheshimiwa," alisema Odom, "niivue sasa?"

"Ngoja kwanza."

Jaji aliisoma kadi yote kimya, kama anavyosoma mtu anayekusudia kutia saini. Kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

"Mabibi na mabwana," alisema, na uwanja ukatulia. "Mimi ni Roscoe Pettway. Mwaka 1974 nilikuwa mbele ya Thaddeus Mabry katika mbio mnazozijua. Nimewaonyesha wengi wenu kiwiko changu."

"Wote!" alipaza sauti mtu jukwaani, na kicheko kikazunguka uwanja.

"Wote. Haya. Zilikuwa mbio nzuri, na tulifungwa. Nimekaa miaka yote hii nikimlaumu Dupree. Dupree, kama uko hapa, nakuomba radhi."

"Niko hapa!" ilijibu sauti nzee kutoka jukwaa la mashariki. "Umechelewa!"

Ilichukua muda kelele kutulia.

"Kamati yangu ilikusudia kutangaza leo kwamba namba 41 haitavaliwa tena Pruitt. Tulidhani tunaihifadhi kazi ya Mabry. Leo tumeiona kazi yake, wote, na wengi wetu tuliizomea, mimi nikiwa wa kwanza. Haiko kwenye picha. Imekaa kwenye nyasi, yadi ya nne." Alimgeukia Bi. Ozella. "Kama mwenyekiti, na kabla ya hoja kutangazwa, ninaiondoa. Namba 41 itaendelea kuchezwa. Nani ataivaa baada ya Kentrell Odom, ni shauri la Kentrell Odom."

Kilichofuata hakikusikika vizuri, kwa sababu Gaddis hakungoja. Waliokuwa karibu wanasema mkuu wa posta alimkumbatia Odom kwanza, kisha wengine mmoja mmoja, na kila mmoja, alipomwachia, aliupiga ngumi ule mpira wa mechi aliokuwa ameushika. Haukutoka. Bi. Ozella alipofika, Odom aliuhamishia mkono wa pili.

"Umejifunza," alisema Bi. Ozella.

"Alhamisi nije saa ngapi, Mama Mabry?"

"Saa kumi na mbili, kama siku zote. Na Jaji anakuja. Utamwachia paja la kuku, yeye alifungua njia."

"Nilifungua," alisema Jaji.

Fremu ilirudishwa ofisini. Jumatatu asubuhi jezi ya Odom ilishonwa bega, ikatiwa kwenye mashine ya kufulia pamoja na za timu nzima, na saa tisa alasiri alikwenda nayo mazoezini.